Kiti cha Nyuma

Kama umewahi kutaka gari la michezo na mfuko wako si wa mheshimiwa, huenda utafutaji ulikufikisha mahali palepale uliponifikisha mimi: Toyota 86 upande huu, Subaru BRZ upande ule. Yote mawili yalianza kuuzwa mwaka wa 2012. Yote yana milango miwili, yote yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kisha unaanza kusoma, na unagundua jambo la kuchekesha. Kampuni mbili zilikaa chini zikabuni gari moja, likaundwa katika kiwanda kimoja cha Subaru mkoani Gunma, Japani, halafu kila moja ikabandika nembo yake.

Injini ni ileile: silinda nne zilizolazwa ubavu, mbili kushoto, mbili kulia, cc 1998, nguvu za farasi 200. Paa ni lile, milango ni ile. Tofauti ziko usoni, kwenye taa na bampa, na chini kwenye springi. Subaru waliweka springi ngumu zaidi mbele na laini zaidi nyuma, kwa hivyo BRZ hushika kona kwa utulivu. Toyota walifanya kinyume, na mkia wa 86 ukawa mwepesi zaidi kucheza. Hata toleo la pili lililotoka 2021, lenye injini ya lita 2.4, ni pacha vilevile.

Nilitengeneza jedwali kwenye simu. Safu ya kwanza bei ya mnada kule Japani, ya pili ushuru, ya tatu spea, ya nne sauti ya ekzosi, ya tano, nisidanganye, jinsi taa zake zinavyoonekana kwenye kioo cha dereva aliye mbele yako. Rafiki yangu mmoja aliliangalia akacheka. "Buda, hapa unalinganisha Kamau na Kamau akivaa kofia."

Alikuwa anatania, lakini swali lake ni la maana. Tunapolinganisha kwa bidii vitu viwili ambavyo karibu ni kimoja, huwa tunatafuta nini hasa?

Jibu la kwanza ni kwamba tunajitafuta wenyewe. Nairobi, nembo huongea kabla mwenye gari hajashuka. Ukisema Subaru, watu wanasikia mngurumo saa saba usiku, kijana wa kofia, polisi wa trafiki akikupungia mkono kabla hujamfikia. Ukisema Toyota, wanasikia mtu mwenye akili zake, anayejua spea zipo Kirinyaga Road na kwamba mambo yakikaza ataliuza haraka. Na kila upande una historia ya kujivunia hapa nyumbani. Celica, gari la Toyota la milango miwili, lilishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Impreza ya Subaru ilishinda 1997 mikononi mwa Colin McRae, na tena 2000 mikononi mwa Richard Burns.

Lakini tazama kinachotokea kwa hawa pacha. Mtu anayesema "mimi ni wa Toyota, sitaki shida za injini ya Subaru", akinunua 86 amenunua injini ya Subaru. Fundi akija kubadilisha plagi ataingiza mkono ubavuni, kwenye nafasi ileile finyu, na atalalamika vilevile. Naye anayekimbilia BRZ ili asiwe mtu wa Toyota, mfumo unaopuliza mafuta ndani ya injini yake ulitoka Toyota. Kinachobaki cha kulinganisha ni mimi na mimi: nikishuka kwenye gari lile nitaonekana nani, na nikishuka kwenye hili je? Jedwali lina safu tano, na karibu zote ni kioo.

Kuna mwanafalsafa aliyelifikiria jambo hili zamani sana, bila magari. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, alikuwa anabishana na wanafalsafa waliodai kwamba utashi hauwezi kuchagua kati ya vitu viwili vinavyofanana kabisa. Akawapa mfano wa mtu mwenye hamu, aliyewekewa tende mbili zisizo na tofauti yoyote, na anaweza kuchukua moja tu. Je, atakaa pale akizitazama milele? La, atachukua moja. Kwa Ghazali, hiyo ndiyo kazi ya utashi: kutenga kitu na mwenzake hata pale ambapo sababu zimeisha. Yeye alikuwa na hoja kubwa, iliyohusu uumbaji wa ulimwengu. Mimi naazima tende tu.

Tende hizo zinanifariji, kisha zinanitia wasiwasi. Zinanifariji kwa sababu zinaniruhusu kuchagua bila kujifanya nina ushahidi. Zikishafanana, chukua moja, sema bismillahi, kula. Wasiwasi unatokana na kitu ambacho mfano wenyewe haukuhitaji kukigusa: mtu huyo tayari ameshaketi mezani. Hatuulizi nani mwingine ana njaa. Hatuulizi kama alipaswa kula sasa au baadaye. Ulinganisho mdogo una ujanja huo. Unakubana kati ya hili na lile mpaka unasahau kwamba uamuzi mkubwa kuliko yote, ule wa kununua, umeshapita bila kupigiwa kura.

Hebu tuliangalie gari lenyewe. Aina hii ya gari dunia inaiita coupé, neno la Kifaransa lenye maana ya "iliyokatwa". Zamani za farasi, lilikuwa gari la kukokotwa lililofupishwa: walikata sehemu moja ya viti, wakabakisha nafasi ya watu wawili. Kwa hiyo jina lenyewe linakiri. Ni gari ambalo viti vya wengine vimeondolewa ili lipendeze. Na sikio la Kiswahili likilisikia neno hilo, linatua karibu sana na kupe, yule mdudu. Sitasema zaidi.

Kweli, 86 na BRZ yana viti vya nyuma. Viwili. Mtu mzima akikaa pale, magoti yake yanamgusa kidevu. Vinafaa mkoba, koti, na mtoto mdogo asiyejua haki zake.

Mama yangu anaishi Rongai. Magoti yake yalianza kumsumbua miaka kadhaa iliyopita, na kila mwezi, Jumanne ya kwanza, huja mjini kliniki. Wale mnaojua matatu za Rongai mnajua: ngazi iko juu, muziki uko juu zaidi, na kondakta hana subira na mtu anayepanda mguu mmoja mmoja. Nilipokalia BRZ kwenye yadi moja, kiti kilikuwa chini sana. Ilibidi nijishushe kama anayekalia kigoda, kisha nivute mguu ndani. Mama aliacha kukalia kigoda zamani. Muuzaji alikuwa ananielezea habari za gia sita. Mimi nilikuwa nafikiria kigoda.

Peter Singer, mwanafalsafa kutoka Australia, aliandika mwaka wa 1972 mfano ambao wengi wameusikia. Unapita kando ya bwawa, unaona mtoto anazama. Ukimwokoa nguo zako zitachafuka matope. Nani atajali nguo? Basi, anasema, kama unaweza kuzuia jambo baya bila kupoteza kitu chenye uzito sawa wa kimaadili, unapaswa kulizuia, hata kama mtoto yuko nchi ya mbali. Wanafunzi wa vyuo vya kule hubishana kama umbali unapunguza wajibu. Kwetu mjadala huanzia upande mwingine. Mtoto wa Singer hana jina. Wa kwetu ana namba yako ya simu, anajua mshahara huingia tarehe ngapi, na ujumbe wake huanza na "umeamkaje". Kuna karo ya binamu, kuna harambee ya jirani, kuna mabati ya shosho. Kijana wa Nairobi anayenunua gari lenye nafasi ya watu wawili anafanya hivyo mbele ya foleni ya watu anaowajua kwa majina.

Kwa hiyo ni makosa? Wapo watakaosema ndiyo bila kusita. Kwa hesabu yao, gari adilifu kuliko yote Kenya ni Probox. Inabeba miraa, inabeba kuku, inabeba wanakwaya, inapeleka mgonjwa usiku na kurudisha jamaa wa mazishi mchana. Kama kipimo cha wema ni idadi ya watu wanaonufaika, sote tununue Probox na makala haya yaishie hapa.

Lakini siamini kwamba maisha ya mtu yana haki tu pale yanapobeba wengine. Nimekulia katika nyumba ambayo kila kitu kizuri kiliwekwa kwa ajili ya wageni: vikombe, sofa, hata soda. Tulijifunza ukarimu pale, na hilo silirudishi nyuma. Tulijifunza pia kwamba furaha yako mwenyewe ni aibu kidogo, kitu cha kufanyia jikoni mlango ukiwa umefungwa. Mtu anayetoa tu, asiyejipa chochote, mara nyingi huanza kuwadai wengine shukrani kwa riba. Namjua mjomba wa aina hiyo, na nadhani nawe una wako.

Na furaha ya magari haya si ya kumshinda mtu. Wahandisi waliyapa matairi membamba makusudi, ya upana wa milimita 215, ili dereva aihisi barabara bila kwenda kasi ya ajabu. Nguvu za farasi 200 si kitu cha kutisha; ziko SUV kibao Kilimani zinazoyapita. Raha yake ni mkono, klachi na kona kuelewana. Ni karibu na raha ya kucheza ngoma vizuri chumbani peke yako.

Ila barabara si chumba. Expressway inaruhusu kilomita 80 kwa saa, barabara kuu pana zaidi 110, na kundi linaloongoza kwa vifo vya barabarani nchini ni watembea kwa miguu. Mkia mwepesi unaosifiwa kwenye video za Japani, ukiuchezea Thika Road mvua ikinyesha, unacheza na mama wa mtu anayevuka kwenda kuuza mboga. Hapo furaha yangu imepata mlipaji ambaye sikumuuliza.

Ndiyo sababu nadhani kosa la jedwali, kama lina kosa, liko kwenye mpangilio. Linaanza na swali la mwisho. Ulinganisho wa kwanza ni kati ya kuwa na gari na kutokuwa nalo. Wa pili ni kati ya gari na watu: nani ataachwa steji siku nikiwasha, na je, anajua? Wa tatu, baada ya hayo yote, ndio wa gari na gari. Ukifika wa tatu ukiwa umepitia hiyo miwili kwa uaminifu, utashangaa unavyochukua muda mfupi.

Nilimwambia Mama. Sikumwomba ruhusa, nilimweleza gari lilivyo, kwamba liko chini, kwamba halitamfaa. Akasema, "Mwanangu, mimi matatu nimezizoea." Mama wa Kenya akisema amezoea, usichukue hiyo kama jibu. Ni zawadi, na ukiipokea harakaharaka umemdhulumu aliyekupa. Nikahesabu teksi ya kwenda na kurudi kila Jumanne ya kliniki: kama shilingi elfu tatu kwa mwezi. Nikaziondoa kwenye bajeti ya gari kabla ya bima na kabla ya mafuta. Bajeti ikapungua, na hapo ndipo ilipokuwa bajeti ya kweli. Gari la mwaka mpya zaidi likatoka kwenye orodha. Likabaki lile lililo karibu na mpaka wa sheria ya miaka minane.

Kuhusu 86 au BRZ, iliisha kwa dakika kumi. Wakala alikuwa na magari mawili yaliyoingia bei hiyo. Karatasi ya mnada ya BRZ ilikuwa na alama 4, ya 86 ilikuwa na 3.5 na bampa lililorudiwa rangi. Nikachukua tende iliyokuwa karibu. Rafiki yangu alitaka kujua kama sitaukosa ule mkia mwepesi. Labda nitaukosa, kona moja kwa mwezi. Mama naye aliuliza teksi itakuwa inafika saa ngapi, kwa sababu yeye hapendi kuchelewa kliniki.