Makaa Chini ya Majivu



Mama anayepikia kuni haumwagii moto maji usiku. Huufukia majivuni. Alfajiri hufukua taratibu, huweka kijiti kimoja, hupuliza. Haanzi na gogo. Anajua gogo litauzima.

Mwaka 2022, Sébastien Haller, mshambuliaji wa Ivory Coast, alikuwa ndiyo kwanza amejiunga na Borussia Dortmund ya Ujerumani. Hata mechi moja ya ligi hajacheza, madaktari wakagundua ana saratani ya korodani. Akapasuliwa. Akapewa dawa kali. Akapasuliwa tena.

Januari 2023 akarudi. Lakini alirudije? Alianzia benchi. Akaingia kipindi cha pili. Kijiti kimoja, msikilizaji. Kijiti kimoja.

Wengi tunakumbuka Februari 2024, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika pale Abidjan. Mwenzake Simon Adingra akamimina krosi, Haller akanyoosha mguu mbele ya beki, mpira wavuni. Nigeria wamelala, Ivory Coast mabingwa, nyumbani kwao! Ni bao tamu. Hata hivyo, mimi nakithamini zaidi kile kipande cha mechi ya Januari, kwa sababu pale ndipo mtu aliruhusiwa kurudi kidogo kidogo.

Huenda leo kazini kwako yupo aliyetoka hospitali. Anatembea polepole. Anachoka mapema. Tafadhali, usimuulize lini atakuwa kama zamani. Muulize leo ataweza nini, kisha mwachie nafasi ya kukifanya.