Dodoso la Mzazi

Arbaclofen ilijaribiwa Marekani kwa watu wenye Fragile X, hali ya kurithi inayotokana na hitilafu kwenye jeni ya FMR1. Ilitazamiwa ipunguze kujitenga na watu. Katika kipimo kikuu haikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani, na mwaka 2013 kampuni ikaisitisha. Baadhi ya wazazi walilia: watoto wao, walisema, walikuwa wamebadilika.

Kipimo chenyewe kilikuwa dodoso, na aliyelijaza ni mzazi au mlezi. Mtoto alimeza kidonge. Matumaini yalikuwa ya mama. Hata hivyo siwezi kumwambia mama huyo kwamba macho yake yamemdanganya. Wastani wa wengi haumjui mwanawe.

Ninachouliza ni kingine. Anayekwepa macho ya wageni na kukimbilia chumbani, anateswa na hofu, au amepata utulivu wake? Kama ni hofu, kumnyima dawa ni ukatili. Kama ni utulivu, tunautibu upweke wetu kupitia mwili wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mzazi naye hakilalii. Dodoso lianze kwa mtoto, hata kama atajibu kwa ishara tu.