Kitulizo na Ulinzi Wake

Je, ni haki kumpa mtu kitulizo ambacho chenyewe chaweza kumdhuru? Swali hili ni la zamani, lakini ufundi wa matabibu wa leo umelizidisha uzito.

Huko Marekani na Ulaya wako watu walioumwa miaka mingi, na dawa za kumeza zisiwafae. Baadhi yao hupasuliwa na kutiwa pampu ndogo chini ya ngozi ya tumbo. Mrija mwembamba hutoka kwenye pampu hata kufika katika maji yauzungukayo uti wa mgongo, ukidondosha mofini kidogo kidogo usiku na mchana. Kwa kuwa dawa yafika karibu na mishipa ya fahamu, kama sehemu moja katika 300 ya kipimo cha kumeza yaweza kutosha. Wengi hupata nafuu, wala mwenye afya asiidharau.

Lakini mrija huweza kukunjika, kukatika au kuvuja. Vijidudu huweza kuingia na kuleta homa ya uti wa mgongo. Penye ncha ya mrija uvimbe huweza kuota, ukaubana uti hata miguu ikalegea. Tena pampu hujazwa kila baada ya muda kwa sindano ipitayo ngozini. Sindano ikikosea, dawa ikamwagika nyamani, pumzi yaweza kukoma. Nao watiwao baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa, ikikatika ghafula huweza kushikwa na homa kali, hata kufa. Mwezi wa Novemba 2018 serikali ya Marekani iliwaonya matabibu wasizoee kujaza pampu hizo dawa zisizoidhinishwa kwa kazi hiyo.

Basi, pampu ni mbaya? Sivyo. Kisu cha tabibu nacho hukata. Ubaya uko mahali pawili: kumficha mgonjwa hatari, na kumwacha baada ya kumtibu. Mwenye maumivu makali hukubali lolote. Kwa hiyo kukubali kwake hakumwondolei tabibu mzigo. Kabla ya kupasua yampasa ajibu: Mwakani nani ataijaza? Usiku akizidiwa, nani ataitika? Pasipo jibu, afadhali kisu kikae alani.

Nasi tuwatembeleao wagonjwa tujiulize vivyo hivyo. Kuanza kumtuliza mtu ni kuahidi kurudi.