Lilongwe kwa nusu saa

Msafiri wa basi la Dar es Salaam akishavuka daraja la Songwe, Lilongwe kwake ni mahali pa kununua maji na kubadili fedha kabla ya kuendelea kusini. Mji wenyewe haujipambi. Umekuwa makao makuu ya Malawi tangu 1975, ulipoipokea nafasi hiyo kutoka Zomba, na mitaa yake mingi inaitwa kwa namba tu. "Hakuna cha kuona," husema abiria, akarudi kitini.

Kuna wanaoitamani nusu saa hiyo. Kilomita 40 na ushei kaskazini, wilayani Dowa, iko Dzaleka: gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, likageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu kama 10,000. Sasa wamepita 50,000, wengi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili kimetamalaki sokoni. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuuza mijini warudi kambini.

Ndiyo maana nalipenda Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa 2014 na Menes La Plume, mshairi mkimbizi kutoka Kongo. Limeigeuza safari. Watu wa Lilongwe ndio wanaopanda gari kwenda Dzaleka kusikiliza muziki (bila kiingilio, tena), na baadhi yao hulala majumbani mwa wakimbizi, wakikirimiwa chakula na malazi na watu ambao sera ya nchi haiwaruhusu kuhamia mjini.