Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 11: Ufunguo wa pikipiki kabla ya magharibi

 

Leo nataka tuzungumze kuhusu ufunguo. Ule wa pikipiki, unaotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ambao ikikaribia saa 12 na nusu jioni tunamrushia kijana wa miaka 15: "Hebu kimbia mara moja, kaniletee barafu."

Nianze na langu, maana si vizuri kuwasema watu na mimi nimejiweka kando. Ramadhani iliyopita nilimtuma mtoto wa dada yangu. Zilibaki dakika kama 20 kufika magharibi. Leseni hana. Kuendesha alijifunza kwa kuwaangalia wenzake kiwanjani, na mimi nilikuwa nikimsifu mbele ya wageni kwamba huyu ni dume kweli. Sisi wa Ngamiani tunazijua barabara zetu: zimenyooka, zinakualika ukaze mwendo, na kila baada ya nyumba chache kuna njia panda. Jua lilikuwa linazama, linampiga usoni. Mama mmoja wa makamo alikuwa anavuka na bakuli la futari anampelekea jirani yake.

Alivunjika nyonga. Hakufa, alhamdulillah. Lakini mpaka leo anaswali amekaa kwenye kiti, na tarawehe anasikiliza kwa kipaza sauti akiwa kwake.

Kijana alikaa siku tatu hasemi. Siku ya nne akaniuliza: "Mjomba, yule mama angekufa, ile miezi miwili ningefunga mimi au wewe?" Alikuwa amesoma madrasa kwamba anayeua kwa makosa ana kafara, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Iko katika Suratun Nisaa, aya ya 92. Na wanazuoni wengi wa zama zetu wanaiingiza humo ajali ya barabarani iliyotokana na uzembe wa dereva.

Kifiqhi jibu si gumu: aliyeshika usukani ndiye. Diya ya kuua kwa makosa hubebwa na jamaa wa upande wa baba, na mimi mjomba wala simo humo. Yaani kwa hesabu ya vitabu nilikuwa nimetoka safi kabisa. Wallahi sijawahi kuona aibu kama ile.

Sasa tazameni. Abdullahi bin Umar (r.a) anasimulia kwamba siku ya Uhud aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w) akiwa na miaka 14, naye hakumruhusu kwenda vitani. Wakati wa Khandaq alikuwa na miaka 15, akaruhusiwa. Wameipokea Bukhari na Muslim. Uhud Waislamu walikuwa wachache mbele ya jeshi kubwa, kila mkono ulikuwa na kazi. Hata hivyo kijana mwenye hamu aliambiwa bado.

Na sisi haja yetu ilikuwa barafu.

(Atatokea mtu aseme, basi ustadhi, miaka 15 inatosha. Hapana. Chombo cha moto kina leseni, na leseni ina umri wake na mtihani wake. Tusitafute mlango wa nyuma.)

Kuna hili la haraka pia. Tumesikia kwamba ni sunna kuharakisha kufuturu, tukadhani maana yake ni kukimbiza pikipiki. Maana yake ni kwamba jua likishazama usichelewe. Tende moja mfukoni inatosha, au funda la maji. Ukikutwa na adhana njiani, simama pembeni, zima pikipiki, futuru, kisha endelea na safari yako polepole. Mtume (s.a.w) alipoondoka Arafa alisikia nyuma yake kelele na watu wakiwapiga ngamia ili wakimbie. Akawaashiria watulie, akawaambia kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Na Usama (r.a) alipoulizwa Mtume alikuwa anakwendaje siku ile, alieleza kwamba alikwenda mwendo wa wastani, na akipata nafasi wazi ndipo anaongeza. Hebu msomee mwanao hiyo. Kwenye msongamano unapunguza, na ilikuwa ibada ya Hija, sembuse safari ya kufuata maji ya ukwaju.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani kote. Tunawaombea watoto wetu dua dhidi ya maradhi na hasadi, sawa kabisa, lakini na hili tuliombee, na ngamia tumfunge.

Ndiyo maana tangu Shaaban tumeanza mafunzo pale uwanja wa madrasa. Anayefundisha ni ndugu yetu aliyeendesha malori miaka mingi, pamoja na vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda. Siku ya kwanza walikuja vijana tisa, wengi wakicheka. Mwalimu akawapimia chini mita 11 kwa chaki. Akawaambia: ukiwa kwenye spidi 40, hii ndiyo unayokwenda kwa sekunde moja, kabla hata mkono haujafika kwenye breki. Kicheko kikaisha. Wakafundishwa kwamba breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, ila inabanwa taratibu, na kwenye mchanga kwa uangalifu mkubwa. Helmeti ambayo haikufungwa kidevuni ni kofia tu. Mshikaki ni marufuku, hata kama wote watatu mnakwenda msikitini.

Wazazi wengine wamenifuata: "Ustadhi, si mnawachochea waendeshe?" Jamani, wanaendesha tayari. Wanajifunza usiku, na mwalimu wao amewatangulia wiki mbili tu. Hapa hakuna anayepewa ufunguo akaenda nao barabarani. Asiye na leseni anajifunzia uwanjani, anaishia uwanjani.

Na mabinti waje. Wao ndio wanaopakiwa nyuma, na aliyepakiwa ana haki ya kusema "punguza" au "nishushe hapa".

Mtoto wa dada yangu anakuja kila mara. Hapandi. Anapanga mawe ya kuonyesha njia na kuwahesabia wenzake hatua. Sijamlazimisha.

Kipindi kijacho ni Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, tutamaliza mapema ili kila mtu awahi kwao bila mbio. Mwenye helmeti aje nayo, hata mbovu, tutaangalia mikanda. Tumemwomba trafiki mmoja aje aeleze mambo ya leseni. Wazazi, njooni na nyinyi, hasa wenye msumari nyuma ya mlango.

Yule mama naye amesema atakuja, ana maneno na vijana. Atakayewahi kufika atoe kiti chenye mgongo ofisini, akiweke kivulini chini ya mwembe.

Wabillahi tawfiq.