Kupumzika Si Kuvunja Ahadi

Mpendwa, umejiandikisha kwa marathoni yako ya kwanza. Kilomita 42 na mita 195 si mchezo. Kila Jumamosi unaongeza kilomita, unatuambia, na sisi tunasema Amina. Halafu goti linaanza kuuma. Wiki mbili hukimbii, na ukiulizwa unajibu tu, "Niko sawa."

Swali ni hili: anayepumzika amevunja ahadi yake?

Wengi wetu tunahesabu mazoezi kama mauzo ya duka: wiki hii lazima izidi iliyopita. Mwili hauendi hivyo. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika baada ya kazi. Ndiyo maana wakimbiaji hupunguza kilomita wiki mbili au tatu kabla ya mbio. Mapumziko hayo ni sehemu ya mazoezi.

Lakini tusijidanganye, uvivu nao hupenda kujiita mapumziko. Utautambuaje? Mwenye kuumia anatafuta daktari ili arudi barabarani. Mvivu anatafuta sababu ili asirudi.

Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, aliacha mbio njiani kule Paris mwaka 2024 kwa sababu ya mgongo. Dunia nzima ikimtazama, alisimama. Hakuna anayemwita mvivu.

Kwa hivyo ahadi yako ni kujiandaa kwa uaminifu. Hukuahidi kwamba hutaumia. Jumapili tuambie habari za goti pia. Tukisikia kilomita peke yake, tutakuombeaje?