UALIMU: KAZI AU WITO?



Zamani za misheni hapa Ufipa, neno "mwalimu" lilibeba kazi mbili: kufundisha watoto kusoma, na kuwaongoza Wakristo katika sala. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali, mwalimu akawa mtumishi wa umma. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walitwaliwa kufundisha huku wakijifunza ualimu, ili kila mtoto apate nafasi. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, inayotaka mwalimu asajiliwe.

Wengine husema: ualimu umekuwa taaluma, basi wito umekwisha. Sivyo. Usajili humkinga mtoto na mtu asiyeijua kazi. Wala wito usiwe kisingizio cha kumnyima mwalimu haki yake. Wito hauliwi, wala haulipi kodi ya chumba. Lakini hakuna bodi iwezayo kusajili upendo. Abakiye na mtoto mzito wa kusoma baada ya kengele, hafanyi hivyo kwa ajili ya cheti.

Na sisi wazazi je? Twamtaka mwalimu afundishe, aonye, alee. Kisha siku za kupalilia mahindi twamzuia mtoto nyumbani. Siku ya ubatizo ni sisi tulioahidi kumlea. Wito huo ni wetu kwanza. Tusimtwike mwalimu peke yake.